Bahari haikumkimbia, ilikuwa imepwa: jibu kwa baba wa Dodoma anayepanga likizo ya Unguja

Swali: Shikamoo mama. Mimi na mke wangu tunaishi Dodoma. Tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 6, na tunakaa na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Tumeweka akiba mwaka mzima ili Juni shule zikifungwa twende sote Zanzibar, tulale siku 5. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuoga baharini. Mwenzangu kazini alikwenda mwaka jana, akalipia hoteli nzuri ya ufukweni upande wa mashariki. Anasema siku tatu nzima bahari ilikuwa imekimbia, watoto wakaishia kucheza kwenye matope. Sitaki na mimi yanikute. Twende Nungwi au Paje? Na kipi nilipie mapema, kipi nisubiri?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwambie mwenzako kwamba bahari haikumkimbia. Ilikuwa imepwa, na kwa unavyosimulia, alifika siku za bamvu, siku ambazo maji hupanda sana na kutoka mbali sana. Hoteli yake ilikuwa mahali pake na bahari ilikuwa mahali pake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba viwili hivyo havikutani saa zote.

Mimi nimezaliwa Jambiani. Mama yangu amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989, na kwa miaka 17 kazi yangu imekuwa kuwapangia watu safari za Unguja na Pemba. Mteja akinipigia simu huanza na hoteli. Mimi huanza na mwezi, na sisemi Juni wala Julai, nasema mwezi wa angani. Nataka na wewe ujue kuuhesabu kabla hujatuma hata shilingi moja.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi: maji yakijaa saa kumi alasiri leo, kesho yatajaa karibu saa kumi na moja. Hilo wengi wanalifahamu. Wasilolifahamu ni kwamba maji hayatoki umbali uleule kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvu. Hapo maji hupanda mpaka karibu na minazi, kisha hushuka mpaka mwambani, na tofauti ya kimo huweza kufika mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua hupunguza wa mwezi, tukapata maji mafu: bahari hupanda kidogo, hushuka kidogo, na haiendi mbali.

Sasa chukua kalenda ya Kiislamu. Bamvu huangukia tarehe 1 hadi 4, na tena 15 hadi 18. Maji mafu huangukia tarehe 8 hadi 11, na tena 22 hadi 25. Na hapa kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi, nalo ndilo lenye faida kubwa kwako: saa za bamvu hazihami kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Hapa Unguja, siku za bamvu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake, hujaa kama saa nne asubuhi na usiku. Mvuvi hahitaji kuangalia jedwali kulijua hili, anahesabu tu tarehe.

Kwa hiyo naweza kukusimulia siku ya mwenzako ingawa sikuwapo. Aliamka, akanywa chai, akawavisha watoto nguo za kuogelea, akatoka saa tatu na nusu akakuta bahari iko huko kwenye upeo wa macho. Akasubiri saa moja, mbili, jua likamchoma, akakata tamaa akaita gari la kwenda mjini. Saa kumi, wakati yuko Mji Mkongwe ananunua viungo, maji yalikuwa yakigonga ngazi za hoteli yake.

Pwani yote ya mashariki, kutoka Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu mpaka Kiwengwa na Matemwe, ina mwamba mbele yake. Kati ya ufuko na mwamba huo kuna bahari ya kina kifupi, mahali pengine upana wake ni zaidi ya kilomita moja. Ikijaa, sijui pwani nzuri kuliko hiyo: maji ya rangi ya feruzi, ya uvuguvugu, yanamfika mtu mzima kiunoni. Ikipwa inakuwa uwanja wa mchanga, majani ya bahari na madimbwi. Wala si matope, na nitarudi kwenye uwanja huo kwa sababu nataka watoto wako waukanyage. Kaskazini magharibi, yaani Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, ardhi inateremka haraka zaidi chini ya maji. Hata bahari ikipwa unatembea hatua chache umefika penye kina cha kuoga.

Juni pia kuna upepo. Masika yanakuwa yamekwisha, hewa imepoa, na kusi imeanza kuvuma kutoka kusini mashariki. Kusi inaipiga Paje usoni. Vijana wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara wanaisubiri kwa hamu, lakini mtoto wa miaka 6 anayeingia baharini kwa mara ya kwanza atatetemeka, na mawimbi madogo ya upepo yatamwingia mdomoni. Kendwa iko nyuma ya kisiwa, kusi haiifikii kwa nguvu. Ungeniuliza kuhusu Desemba tungezungumza mengine, maana kaskazi hutoka upande mwingine kabisa na joto lake si la Juni.

Basi jibu langu ni Kendwa, au Nungwi ya magharibi. Ukiweza kuchagua tarehe, chagua zinazogusa maji mafu, ili watoto waoge asubuhi baada ya chai, jua halijawa kali. Usipoweza, nenda hivyohivyo, ila ujue kwamba wakati wako mzuri wa kuoga ni alasiri, na asubuhi uipangie kitu kingine.

Nungwi nikufafanulie, kwa sababu watu huitaja kama pwani moja. Ina pande mbili. Ule wa mashariki, karibu na mnara wa taa, una mwamba na maji yanatoka kama kwetu Jambiani. Hoteli inaweza kuandika Nungwi ikawa upande huo, na haijasema uongo. Tena hoteli nyingi za huko zimejengwa juu ya majabali, na kuufikia mchanga ni kushuka ngazi. Kwa mama yako hilo ni jambo la kuuliza kabla ya bei. Piga simu mapokezi, usiandike tu ujumbe, uwaulize: maji yakipwa kabisa, naogea wapi? Kutoka chumbani mpaka mchangani kuna ngazi ngapi? Na muziki wa karibu unazimwa saa ngapi? Hilo la mwisho ni kwa ajili ya Kendwa, ambako hufanyika sherehe kubwa ya ufukweni kila mwezi, Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Anayejibu maswali hayo moja kwa moja anaijua pwani yake. Anayekutumia picha nyingine badala ya jibu, mwache.

Picha zenyewe usizihukumu sana. Zote hupigwa maji yakiwa yamejaa, kama vile harusi hupigwa picha bwana na bibi wakiwa wamevaa.

Nimejifunza uzito wa haya kwa kukosea. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimpokea mzee kutoka Tabora, watoto wake wamemchangia safari, na alilotaka ni kuitia miguu bahari tu. Nilimpeleka mashariki asubuhi ya bamvu. Sikuangalia tarehe, mimi binti wa mkulima wa mwani. Alisimama pale na fimbo yake, bahari iko mbali ambako asingeweza kufika, na gari lilikuwa la kurudi saa saba. Nilimwomba dereva, nikalipa ziada mfukoni mwangu, tukamwekea mzee kiti chini ya mnazi. Ilipofika saa kumi maji yalimfuata pale pale alipoketi. Alivua viatu. Sitausahau uso wake, na tangu siku ile sijampangia mtu safari bila kuhesabu mwezi.

Nilisema nataka watoto wako wakanyage uwanja uliopwa. Nina maana. Kama siku zenu zitaangukia bamvu, lala Kendwa siku 4 za mwanzo, kisha siku ya kuhama msiende mjini moja kwa moja. Ondokeni saa moja asubuhi na gari la kukodi, kwenye saa tatu mtakuwa Jambiani, maji yanamalizika kutoka. Mtawaona kina mama wakiwa kwenye mashamba ya mwani, mistari ya vijiti na kamba zilizofungwa mashina, na wengine wakichokoa pweza kwenye mashimo ya mawe. Watoto wataona viti vya pweza, yaani nyota za bahari, kaa wadogo, samaki waliobaki kwenye madimbwi. Tafuta mtu wa kijiji awatembeze na mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Msipite juu ya kamba za mwani, kila fundo pale limefungwa kwa mkono wa mtu. Na mkitaka kumpiga picha mama aliye kazini, muombeni kwanza. Mkirudi mpite msitu wa Jozani kuwaona kima punju, ambao makao yao ni visiwani kwetu tu, halafu mlale mjini.

Lakini nisikilize vizuri kwenye hili. Maji yanayorudi hayaji kutoka mbele tu. Yanaingia kupitia milango ya mwamba na kujaza kwanza mabonde yaliyo chini, kwa hiyo mtu aliyesimama kwenye fungu kavu karibu na mwamba anaweza kugeuka akakuta maji yameshapita nyuma yake. Yakianza kurudi huja polepole, ndipo watu hudanganyika. Saa ya tatu na ya nne ndizo hukimbia. Kanuni ya mama yangu ni kwamba unatoka na maji na unarudi na maji: yakiacha tu kushuka, geuka uelekee nyumbani, usingoje yakuguse mguu. Watoto wasipelekwe mpaka mwambani, nusu ya njia inawatosha.

Wavae viatu vya mpira vya kufunga, si kandambili. Kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi kama sindano wanaokaa kwenye mawe na majani, na mwiba wao huvunjikia ndani ya nyayo. Sisi hupaka maziwa ya papai bichi. Ukiingia sana au mguu ukivimba, nenda kituo cha afya.

Kuhusu safari za boti nitakuwa mfupi. Mnemba ina matumbawe mazuri, lakini kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, huteremki, unaoga pembeni yake kutoka kwenye boti. Kwa watoto wasiojua kuogelea, Juni, kusi ikivuma, siwezi kukushauri. Kwenda Kizimkazi kuwatazama pomboo sikupangii kabisa, kwa sababu nimeona boti kumi zikiwafukuza pomboo wanne, na moyo wangu haukubali. Fungu la Nakupenda, lililo mbele ya mji, lingewafaa watoto, ila nalo huonekana maji yakipwa na hufunikwa yakijaa. Ukiuziwa safari yake bila kuambiwa saa, anayeuza hajali utakuta nini. Boti yoyote mtakayopanda, majaketi okozi ya saizi ya watoto yawepo na yavaliwe kabla ya kuondoka. Nahodha akisema yapo chini ya kiti, yatolewe.

Sasa pesa. Lipia mapema vitu viwili tu: chumba na usafiri wa kufika kisiwani. Juni mwishoni wageni huanza kujaa, na shule zikifungwa boti za kutoka Dar hujaa pia. Unapouliza chumba, anza kwa kusema wewe ni Mtanzania na unataka bei ya wakazi. Hoteli nyingi wanayo na ni nafuu, ila wachache watakutajia bila kuulizwa. Uliza pia kama bei imejumuisha ada ya serikali ya kila mtu kwa kila usiku, maana hiyo mara nyingi hudaiwa mlangoni na watu wa bara hushtuka. Chukua chumba na kifungua kinywa tu. Nungwi kijijini na Kendwa kuna migahawa ya wenyeji ambako wali, samaki wa nazi na maharage havifikii hata karibu na bei ya meza ya hoteli, na wengine watakupikia ukiagiza asubuhi.

Kuwa makini na kurasa za nyumba za ufukweni zinazotaka malipo yote kwa namba binafsi ya simu. Nimepokea zaidi ya familia moja iliyofika na mabegi mbele ya nyumba ambayo mwenyewe hajui kama imepangishwa. Lipa malipo ya awali kwa jina la biashara, upate risiti, kisha piga simu ya mezani ya hoteli uthibitishe. Watembezaji halali wana leseni ya Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar na hawaoni vibaya kuulizwa. Matembezi, boti, viungo, vyote hivyo subiri ufike, uangalie bahari na uso wa mtu, ndipo ulipe.

Kutoka Dodoma treni ya SGR itawafikisha Dar kwa saa chache. Msijaribu kuunganisha boti siku hiyohiyo. Laleni Dar, mpande boti ya asubuhi, bahari ikiwa bado tulivu. Ni kama saa mbili mpaka Unguja. Tiketi nunua kwa kampuni yenyewe, dirishani au kwenye mtandao wao, si kwa vishoka wa nje ya bandari. Chukueni vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Pasipoti haihitajiki kwenu. Wakati wa kusi, safari ya kurudi Dar ndiyo inayotikisa, kwa kuwa boti inakwenda kuukabili upepo. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda, na mama mkalishe kwenye viti vya sehemu ya chini ya boti, katikati kuelekea nyuma.

Ndiyo maana nimekupangia usiku wa mwisho mjini. Siku ya boti hutaki kuwa Kendwa, zaidi ya kilomita 50 kutoka bandarini, unabishana na dereva. Jioni hiyo watoto wapelekeni bustani ya Forodhani wakale urojo na kuwatazama vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani. Ulizeni bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani.

Kuna kitu kimoja cha kusoma kwa uangalifu. Majedwali ya maji yaliyobandikwa mapokezi na yale ya kwenye simu hutumia saa za kizungu. Ukiona 10:00 ni saa nne asubuhi, ukiona 16:00 ni saa kumi alasiri. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kufungua mabegi, lipige picha lile la hoteli.

Mama yako usimwache kwenye kiti cha juu akiwatazama wengine. Magoti mabovu hayakatazwi bahari. Maji ya chumvi hubeba uzito wa mtu kuliko ya mto, na wengi wenye maumivu huniambia ndani ya maji ndimo walimopumzika. Mpeleke Kendwa maji yakiwa yamesimama, ile nusu saa baada ya kujaa ambapo bahari haipandi wala haishuki. Afunge khanga juu ya nguo zake, wewe upande mmoja na mke wako upande mwingine, mwingie mpaka magotini, halafu mpaka kiunoni kama ataridhia. Mkae naye humo mpaka mwenyewe aseme anataka kutoka.

Ukishapata tarehe za likizo, nitumie pamoja na tarehe zake za mwezi mwandamo, nikuandikie saa za maji kwa kila siku.